Miaka Yangu ya Rizimu Katika Mdomo Jazz

Neema na wenzako, mliponiaga mwezi uliopita kwa pilau na soda mliniomba niandike nilivyofanya kazi hii tangu ujana mpaka meno yaliponipungukia. Nimekubali. Vyeo na malipo nitaviruka, maana cheo nilikuwa nacho kimoja tu, ukatibu, na malipo mara nyingi yalikuwa sahani ya chakula. Nitawaambia siku ya kwanza ilivyokuwa, habari za pumzi, habari za Mzee Bitaliho aliyenifundisha, na habari za Dedo. Hasa Dedo. Ninyi mnamjua kwa jina na kwa video. Mimi nimemwonea wivu miaka zaidi ya ishirini, na wivu huo ulinifanyisha jambo moja ambalo mpaka leo mnalisimulia kinyume.

Kwa atakayesoma bila kutujua: Mdomo Jazz ni bendi isiyo na vyombo. Mzee Bitaliho alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Kasulu. Bendi ikafa kama bendi nyingi zilivyokufa, amplifaya iliungua, nyuzi zikaadimika, mwisho mwenye vyombo akaja na gari akavibeba vyote. Mzee akawaambia waliobaki, "Vyombo wamechukua, midomo wametuachia." Kila mmoja akapewa chombo cha kupiga kwa mdomo. Ezekieli, fundi baiskeli mwenye kifua kipana, akapewa besi. Mwanaidi, binti wa duka la vitambaa ambaye baba yake alitokea Tanga, akapewa tarumbeta. Mzee mwenyewe alishika solo na maneno ya wimbo. Rizimu, lile gitaa la kushikilia mwendo, haikuwa na mtu.

Mimi nilikuwa kijana wa kulima maharage, na shambani nilizoea kupiga gitaa kwa mdomo ili nisichoke. Mtu akampelekea Mzee habari zangu. Akaniita kwake Murubona, akanisimamisha uani, akapiga makofi manne kunipa mwendo, akasema, "Shika hapo. Usiache mpaka nirudi." Nikashika: cha-ka-cha, cha-ka-cha. Yeye akachukua kikapu akaenda sokoni. Mkewe alikuwa anapepeta maharage pembeni, hakuinua hata kichwa. Jua likapanda, mate yakakauka, midomo ikafa ganzi. Nilitaka kuacha, lakini nikamtazama yule mama nikaona atanisema. Mzee alirudi na dagaa na vitunguu, akatua kikapu.

"Ulikimbia pale mwanzoni," akasema.

"Mzee, si hukuwepo?"

"Nilikusikia mpaka kona ya msikiti. Kutoka hapo wapita njia walinipa habari zako, kwamba kwangu kuna mtu kapagawa. Una kichwa kigumu, hilo nalipenda. Ila unakimbia. Njoo kesho."

Kukimbia ni kuuvuta wimbo uende haraka kuliko ulivyoanza. Neno hilo aliniambia miaka yote tuliyokaa pamoja, na mtaona kwa nini.

Sasa ya kazini. Siku ya onyesho mtu wa rizimu asile karanga wala parachichi, mafuta yanatelezesha ulimi. Anywe maji ya uvuguvugu na tangawizi kidogo. Mdomo ukikauka katikati ya wimbo, punje ya chumvi chini ya ulimi inatosha. Usisimame mbele ya bwana harusi, kwa sababu ile "cha" inarusha mate. Mimi nilijifunza hilo kwa suti ya mtu. Na mgeni akienda kuchungulia nyuma ya pazia kutafuta magitaa yamefichwa wapi, kama alivyofanya ofisa mmoja, msicheke, atakasirika.

Lakini kubwa ni pumzi. Solo inaimba, inanyamaza, inajionyesha, inapumzika. Rizimu haipumziki. Pumzi yake haivutwi kwa mdomo. Inavutwa kwa pua, ndani ya ile "ka", wakati koo limefungwa na ulimi unafanya kazi peke yake. Ukijua hivyo unaweza kushika rizimu kutoka hapa mpaka Kakonko. Usipojua, unakatika kila baada ya mistari minne na watu wote wanasikia shimo. Mzee hakunionyesha. Nilihangaika nayo miaka miwili mpaka ikaja yenyewe. Wewe Neema nilikuonyesha siku ya tatu, kwa hiyo usije ukasema sikuwahi kuwa mwema.

Tatizo la rizimu ni kwamba hakuna anayeisikia mpaka ikosekane. Watu wakitoka harusini wanaimba solo njiani. Sijamwona mtu anatembea Kasulu anaimba rizimu. Nami nilikuwa kijana, nilitaka kuimbwa. Mzee alilijua hilo, akaniahidi mbele ya Ezekieli na Mwanaidi: "Damiani, solo inapigwa kwa meno ya mbele. Siku haya yangu yakianguka, solo ni yako." Basi nikawa nayaangalia meno ya Mzee kama mtu anavyoangalia mahindi yake. Nilikuwa nafanya mazoezi ya solo shambani, ti-li-li, ti-li-li, mpaka ndege wakahama.

Yakaanguka kiangazi kimoja, yote mawili. La kwanza liliondoka na mfupa wa mbuzi, la pili likafuata baada ya wiki chache. Jumamosi ile ya mazoezi nilinyoa ndevu.

Tulifika kwenye chemko, pale wimbo unapochemka na solo inaingia. Mzee akanitazama, akanipa ishara kwa kichwa. Nikafungua mdomo. Solo ikaingia, lakini haikutoka kwangu. Ilitoka nje, nyuma ya uzio wa matete, nyembamba, ikapanda, ikakatika, ikashuka inacheza. Ezekieli alisahau besi yake. Mzee akainuka na pengo lake wazi, akasema, "Mfungulieni huyo."

Akaingia kijana mrefu na bunda la vitenge begani. Alikuwa mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo, anakaa kambi ya Nyarugusu, amepata kibali cha kutoka siku hiyo aje auze vitenge sokoni kwetu. "Munisamehe bapapa, na mama," akasema. "Nilisikia muziki, kinywa kikaenda chenyewe." Jina lake Dieudonné, tukafupisha tukamwita Dedo. Mzee alimrudisha kwenye ile chemko mara tatu. Mara ya tatu Mzee alikuwa analia. Kisha akageuka, hakunitazama usoni, akasema, "Damiani, rizimu."

Wivu wa namna hii Waha tunauita ishari. Mtu mwenye ishari anasifu kwa mdomo na tumbo linamkata. Nilimsifu Dedo siku ile kuliko wote. Nilianza kuyaonea wivu meno yake, yote thelathini na mawili, meupe kama alipewa jana. Nilionea wivu anavyokula bila kuchagua, karanga, parachichi, samaki wa migebuka wenye mafuta, kisha anasimama na kuimba bila kuteleza. Wimbo mpya ulionichukua mwezi mmoja, yeye aliuchukua kwa kuusikia mara moja huku anakunja vitenge. Jumapili moja nilimkuta mke wangu Agripina anachambua maharage, anaimba.

"Unaimba nini?" nikamuuliza.

"Si kawimbo kenu."

"Wimbo wetu una rizimu pia."

"Kwani hiyo inaimbwaje?" akauliza, kwa moyo mweupe kabisa.

Nikachukua jembe nikaenda shamba, siku ya Jumapili, na majirani waliniona.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba Dedo hakuwa na baya. Alikuwa ananiita Yaya, yaani kaka mkubwa kwa desturi yao. Baada ya kila onyesho, watu wakiwa wamemzunguka, alinitafuta kwa macho, akasema, "Yaya, bila weye mi naanguka." Nilidhani ananicheka. Kumbe hakuwa anacheka, lakini hilo nimelijua nikiwa na mapengo.

Sasa nifike kwenye barua. Dedo hakuweza kutoka kambini bila kibali, na ili kibali kipatikane kwa ajili ya onyesho ilibidi kikundi kiandike barua kuomba, yenye mhuri wetu, ifike ofisini wiki moja kabla. Katibu nilikuwa mimi, kwa sababu ya mwandiko. Barua za namna hiyo niliandika nyingi, na zote nilizipeleka mwenyewe kwa baiskeli, na zote zilijibiwa. Nataka hilo lieleweke. Hakuna hata moja waliyoikataa.

Ikaja habari kwamba watu wa redio watakuwa Kibondo, katika ukumbi mmoja, kurekodi vikundi vya zamani. Mzee alifurahi mno. Kifua kilishaanza kumsumbua, naye alikuwa hajawahi kurekodiwa hata mara moja tangu bendi ya magitaa. "Hii ikishaingia kwenye redio," akasema, "hata nikifa nipo." Nikaandika barua ya Dedo siku ile ile. Nikapiga mhuri. Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaiweka begini. Asubuhi nikatoa baiskeli, nikafika mpaka kwenye mteremko wa kutoka mjini, nikasimama pale nimeshika breki. Nilijiambia tairi halina upepo. Lilikuwa nao. Nikageuza. Kesho yake nikajiambia kesho. Siku ya tatu Mzee akaniuliza, "Barua ya mtoto umepeleka?" Nikasema, "Nimepeleka, Mzee." Baada ya hapo hapakuwa na kurudi.

Siku ya safari tulikodi haisi. Dedo alikuwa atusubiri Makere, karibu na kambi, barabarani, kama kawaida, sisi tunamchukua tunaendelea na njia ya Kibondo. Tukafika Makere, hayupo. Dereva akaegesha penye mama anayechoma mihogo. Vumbi jekundu, maana lami ilikuwa haijafika wakati huo. Mwanaidi akashuka, akasimama barabarani ameweka mkono usoni, anaangalia upande wa kambi.

"Si kawaida yake," akasema. "Dedo siku zote anatutangulia."

"Watakuwa wamemnyima," Ezekieli akasema.

Nami nikajibu, "Watu wa ofisini hao, bwana. Karatasi zinawapotea." Bahasha ilikuwa begini, begi lilikuwa juu ya magoti yangu, na juu ya begi nilikuwa nimeweka muhogo ninakula. Wenzangu walitafuta mbaya wao kambini, na kikulacho ki nguoni mwako. Mzee alikataa kuondoka. Alisema tumngoje kidogo, kisha kidogo tena, mpaka dereva akawasha gari bila kuulizwa. Tulipoanza kwenda, Mzee alishika bega langu. "Basi ni wewe," akasema. "Si nilikuahidi? Shika solo. Mimi nitakushikia rizimu."

Sikieni, nilifurahi. Nisingewaambia hilo kama si kweli. Kutoka Makere mpaka Kibondo nilikuwa na furaha moyoni, ti-li-li kichwani, nachungulia dirishani kama bwana harusi.

Ukumbini tuliwekewa maikrofoni moja, tukasimama nusu duara. Mnaijua rekodi ile, ndiyo mliyojifunzia wote. Mwanzo ni mzuri. Kisha inakuja chemko, naingia na solo niliyoisubiri ujana wangu wote, na mara moja nakimbia. Hapakuwa na wa kunizuia. Rizimu ilikuwa ya mzee mwenye pengo na kifua kibovu, "cha" yake inatoka "fa", anajitahidi kunifuata, na kila baada ya mistari minne anakatika kutafuta hewa. Nilimsikia. Ningeweza kupunguza mwendo nikamngoja. Lakini ilikuwa zamu yangu. Tulipomaliza, watu wa redio walishukuru, wakafunga nyaya zao. Mzee akakaa kwenye kiti, akasema taratibu, "Ulikimbia, Damiani."

Neema, uliwahi kuniuliza kwa nini rizimu ya kwenye rekodi si ile ninayowafundisha, nikakujibu ni mtindo wa zamani. Hakuna mtindo kama huo. Ni mzee asiye na meno ya mbele anamkimbiza mwanafunzi wake.

Dedo alikuja wiki mbili baadaye, na vitenge vyake, kwa kibali cha sokoni. Hakulaumu mtu. "Nilivaa shati yetu ya bluu," akatuambia, "nikasimama pa geti tangu asubui. Baliniambia letre yangu haikufika. Nikabaambia hapana, Yaya Damiani ndiye anaandika, yake haiwezi kupotea." Wote wakanitazama kwa huruma, mimi. Nikasema, "Karatasi zinapotea, Dedo." Akaitikia kwa kichwa. Kutoka siku ile hadithi ikawa hiyo, kwamba ofisi ilimnyima Dedo asirekodi na Mzee, na mnaisimulia mpaka leo. Hata siku ya kuniaga mmeisimulia, mkacheka, nami nikanywa soda.

Mzee hakumaliza mvua za mwaka uliofuata. Barua ya kumwombea Dedo aje mazikoni niliipeleka saa ile ile, na baiskeli isiyo na breki, nikasimama dirishani mpaka ikapigwa mhuri. Walitupa kibali bila neno. Dedo alipiga solo kaburini, bila maneno, nami nikamshikia rizimu. Sikukimbia siku ile. Mzee hakuwepo kunisifu.

Miaka ikapita, jina la Dedo likatokea kwenye orodha ya wanaopelekwa kuishi nchi ya mbali, ya baridi. Akaja kwangu mchana mmoja. "Yaya, nifundishe rizimu," akasema. "Kule sitakuwa na mutu wa kunishikia." Nikamfundisha alasiri tatu, pale nyumbani, Agripina akituletea chai. Nilimpa mwendo, nilimpa "cha", nilimpa mikato yote. Pumzi sikumpa. Aliponiuliza, "Na hewa ninavuta wapi?" nikamwambia, "Utaona mwenyewe." Nilijidai namfuata Mzee, kwamba rizimu haionyeshwi pumzi. Uongo. Nilitaka nibaki na kitu kimoja ambacho Dedo hana. Akaondoka anakatika kila baada ya mistari minne, ananishukuru.

Sasa siku ile ya pilau, Neema, ukatoa simu yako ukasema, "Babu Damiani, tumekuletea zawadi." Nikamwona Dedo, ana mvi, amevaa sweta zito, nyuma yake vijana wa kizungu wamejipanga. Sikuelewa anawaambia nini kwa lugha yao. Kisha akatazama simu akasema kwa Kiswahili, "Hii ni rizimu ya Yaya wangu Damiani wa Kasulu," akaanza. Mkapiga makofi. Nikalia, mkasema mzee amefurahi, mkanipa tishu.

Haikuwa furaha, watoto wangu. Nilikuwa nasikiliza mistari. Minne ikapita, hakukatika. Minane. Kumi na sita. Kumbe wivu hauzeeki, jino linang'oka, wenyewe unabaki. Kesho yake nilimwomba mjukuu anifungulie tena, nikaitazama mara kumi na moja. Pua yake haitikisiki, na kifua hakipandi. "Ka" yake ni kavu, haina hewa ndani, kwa hiyo havutii hewa pale ninapovutia mimi. Amepata mahali pengine, na ni pazuri kuliko pangu, kwa sababu mimi ninayejua pa kutafuta sikuona.

Nikamwambia Agripina yote, kuanzia tairi la baiskeli. Aliendelea kuchambua maharage yake. Mwisho akasema, "Alisimama getini na shati la bluu?" Nikasema ndiyo. "Mwandikie," akasema.

Ndiyo maana nimeandika. Kwenye jalada la kikundi, nyuma kabisa, kuna bahasha ya kaki. Barua imo, na mhuri wake, haijawahi kufika kokote. Neema, ipige picha, umtumie Dedo pamoja na maneno yangu haya, yote, usipunguze. Msiseme tena ni ofisi. Na rekodi ile muendelee kujifunzia, ila mfike kwenye chemko mkijua mnachosikia.

Atakapojibu, uje unisomee mwenyewe, polepole. Kama ni matusi, soma. Kama amesamehe, soma pia, ingawa hayo nayaogopa zaidi. Lakini kabla hajasema lolote, muulize hewa anaivuta wapi. Nimebakiwa na meno sita, siimbi tena popote, na bado nataka kujua.